Kipengele cha Saba

Mkataba ulikuwa karatasi moja na nusu,
umechapwa stesheneri ya pale Nkuhungu,
wino umekolea mwanzoni, mwishoni umefifia
kama sauti ya mtu aliyeanza kwa kufoka.
Kipengele cha saba: *Mpangaji asipigilie msumari ukutani.*
Nikasaini. Dalali akasaini, eti shahidi,
akaondoka na kodi yake ya mwezi mmoja
kabla sijajua kwamba choo kinavutwa kwa ndoo.

Ukutani, juu ya kitanda, palikuwa na msumari.
Wa inchi nne, umepinda, una kutu.
Nikautundikia kalenda, nikanyamaza.

Nililipa miezi sita mbele, taslimu.
Nilihesabu noti mara tatu,
Mzee Chilongani akazihesabu mara nne.
"Risiti?" nikauliza.
Akanitazama kama nimemdai cheti cha ndoa.
"Sisi ni watu wa kuaminiana, mwalimu."
Nikamwambia nafundisha hesabu.
Akaandika nyuma ya kadi ya mchango wa harusi:
tarehe, tarakimu, sahihi iliyotetemeka.

Januari ikaja. Mvua ya Dodoma mnaijua:
huchelewa kama mgeni rasmi,
ikifika haipigi hodi.
Bati likavuja sawia na mto wangu.
Nikahamisha kitanda; tundu likanifuata.
"Siku nne tu hizi, itakatika. Vumilia."
Nikamjibu: uvumilivu haumo kwenye mkataba,
nimesoma vipengele vyote kumi na kimoja.

Nikaita fundi. Bati mbili, misumari robo kilo,
na ujira wake: elfu themanini na sita.
"Tutakata kwenye kodi," nikasema.
"Nani alikutuma?"
Hapo ndipo salamu zilipokoma.

Lakini nisijisafishe peke yangu.
Luku ilikuwa moja, vyumba vinne,
tulichanga elfu kumi kumi,
nami nilikuwa na hita ya kuchovya
niliyoificha ndani ya ndoo ya unga.
Usiku nikitokosa choroko,
Tegemea, wa chumba cha pili, alikuwa gizani
akibana uniti.
Kipengele cha tisa kinakataza.
Nacho nilikisoma.

Ofisi ya mtaa ina benchi moja.
Tukakaa, mimi na Mzee, mkoba katikati.
Mtendaji akataka maandishi.
Nikatoa mkataba, risiti ya bati, kadi ya harusi.
Mzee akatoa daftari lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Humo kodi yangu yote ilikuwa na majina:
saruji mifuko tisa. Ada ya Nyemo. Dawa ya presha.
Na chini, kwa kalamu nyekundu:
*bati, chumba cha mbele. Bado.*
Tarehe yake ilitangulia siku niliyohamia.

Alijua.
Alijua panavuja, akanipa ufunguo.

Nilitaka kusimama, nimsute mbele ya watu.
Mtendaji akauliza nani ana la kuongeza,
na ile hita ikanichemka kooni.
Nikaisema. Sijui kwa nini niliisema.
Mzee akaguna, kicheko au kikohozi.

Ikaamuliwa: fedha za bati zikatwe kwa awamu mbili,
nami nirudishe elfu kumi na tano za uniti,
si kwa mwenye nyumba, kwa Tegemea.
Huyo ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote kumkabili.

Nilihama Juni, upepo ukipuliza vumbi la Chang'ombe
mpaka kwenye meno.
Mzee akakagua chumba: kitasa, kioo, swichi.
Nikaondoa kalenda.
"Huo niliukuta," nikasema haraka.
Akaupapasa kwa kidole gumba.
"Niliupigilia mimi. Nyumba nzima ilikuwa chumba hiki,
haina hata dari. Nilitundika koti."

Hakuung'oa.
Akahesabu funguo: mbili.
Akahesabu tena.