Juu, Chini

Sista Chedego hakuja na dawa kwanza.
Alikuja na utepe wa fundi cherehani,
akazungusha kigimbi cha kulia, kisha cha kushoto,
akaandika namba mbili kwenye kadi.
"Kesho nikija, hizi zisiwe zimeachana."

Mama amevunjika nyonga.
Si mtini, si kwa pembe ya ng'ombe:
aliteleza kwenye sakafu yake mwenyewe,
ile aliyoililia miaka yote tulipolalia udongo.
Wamemtia chuma. Chuma, anasema daktari, si tatizo.
Tatizo ni kulala.

Miaka sabini na moja hajalala mchana.
Leo ni siku ya pili, na shangazi zangu
wamesimama mlangoni mwa wodi kama askari:
"Msimguse. Mwacheni apumzike."

Ndivyo tulivyosema kwa dada Yudithi.
Alijifungua kwa kisu, tukamlaza chumba cha ndani,
uji wa uwele mpaka kitandani,
hata kwenda uani tulimkataza.
Mguu wa kushoto ukavimba. Tukauchua kwa samli.
Asubuhi ya kumi na moja alishika kifua,
akasema neno moja, "Hewa,"
na mtoto alikuwa ananyonya.

Watu walitaja watu.
Jirani yetu Mlugu alihama usiku.

Kilichomuua nimekuja kukijua jina
miaka kumi na minne baadaye, koridoni,
kwenye harufu ya jiki, kwa Sista anayekunja utepe wake:
bonge la damu. Liliganda mguuni, likasafiri.
Bonge.
Neno la jikoni, neno la ugali usiosongwa vizuri.
Mlugu sijui yuko wapi. Wengine husema Manyoni.

Mimi nalima zabibu Hombolo, mipira ya matone naijua.
Maji yakisimama ndani yake siku mbili tatu
chumvi hujijengea ukuta, punje kwa punje,
na mzabibu wa mwisho mstarini haukuambii kitu
mpaka majani yamekunjamana.
Bomba halizibuliwi kwa machozi.
Unafungulia kila siku,
hata siku ambayo ardhi haijaomba.
"Basi umeshaelewa," Sista akasema. "Shika mguu."

Si kuchua! Kuchua hapana,
alirudia, akiwatazama shangazi.
Kisigino kiganjani. Vidole vije kwa mama: juu.
Vidole viende ukutani: chini.
Mara kumi, kila saa akiwa macho.
Maji anywe, asingoje kiu.
Na ile sindano ya tumboni, nyembamba kama mwiba wa mgunga,
mama anaiita mbu wa saa mbili.
Soksi za kubana zinamwaibisha kuliko kidonda.

Mtoto yule aliyekuwa ananyonya, Nyemo,
yuko kidato cha kwanza.
Yeye ndiye aliyechora daftari, vijistari vitanovitano,
na ole wako uruke saa.

Siku ya tatu walimsimamisha.
Alishika fremu kama anayeshika pembe za ndama asiyemjua.
Hatua nne mpaka dirishani.
Nje, vumbi la Septemba lilikuwa limesimama kwa miguu yake,
likizunguka kati ya magari.
Mama alitukana kwa Kigogo, tusi ambalo sitaliandika,
kisha akauliza: "Kurudi ni nne nyingine?"

Utepe wa jioni: kushoto kumezidi nusu sentimita.
Nusu, Sista akasema, naiona. Tuendelee.

Usiku wodi inakoroma.
Shangazi Mbeleje, yule wa "msimguse,"
amekaa ncha ya kitanda, mtandio umeanguka.
Mama yuko macho, anatazama dari.
Kisigino chake kiko mapajani mwa shangazi.
Juu. Chini.
Midomo inahesabu, saba, nane,
anafika tisa, anasahau, anaanza upya.

Simkumbushi.