Kabati la Kijani

Walitwambia: pauni milioni tisini.
Fedha za kodi, na kodi ni jasho,
hata jasho la baba yangu, aliyekufa
na vumbi la makaa kifuani.

Koleo nilishika mimi.
Tulichimba mtaa kwa mtaa, Yorkshire nzima ikinyesha,
tukalaza nyuzi za kioo, tukafukia.
Wakubwa wakapiga picha, wakaenda zao.

Hesabu ilitaka wateja laki moja.
Walikuja elfu tatu.
Kampuni ikafa Alhamisi, kwa barua ya kurasa mbili.

Edna Thackray, karani mstaafu wa mgodi,
alibaki na ufunguo wa kabati la kijani pale kona;
hakuna aliyekumbuka kuudai.
Kila asubuhi alifungua, akafuta ukungu, akatazama taa:
moja tu ikipepesa,
kama jicho la mgonjwa anayesikia akijadiliwa.

Mwanasheria wa London akasema: uzeni vyuma chakavu.
Edna akauliza, chuma kipi? Hiki ni kioo.
Ukumbi ukacheka, ukanyamaza,
kisha Selwyn wa duka la samaki
akaweka noti ya hamsini mezani.

Hatukuokoa vyote. Kijiji cha juu bado kinangoja,
na deni tumelirithi, deni halizeeki.
Ila jana mjukuu wa Edna
alifanya mtihani wake jikoni kwa uzi uleule,
unaopita juu ya mashimo
ambamo babu zetu walichimba moto
wa nyumba za wengine.