Makapi

Afisa huja maua yakifunguka, ana kamba yake,
apima shamba pembe kwa pembe,
aandika: Satı, mke wa Rüstem, ekari moja, maua meupe.
Ni haki yake. Mpopi ni mmea wenye serikali.
Ngano haina aiulizaye.

Mji wetu unaitwa kwa jina la afyuni, wala hatuoni haya.
Sheria ni moja, hata mtoto wa chekechea anaijua:
usilichanje tumba likiwa bichi.
Bibi yangu alilichanja, zamani, kabla ya sheria,
kwa kisu cha meno matatu alichokiita paka;
jioni akwaruze, alfajiri akombe
utomvu uliokwisha kuwa hudhurungi kama kidonda kinachopona.
Ule utomvu ulimnunulia ng'ombe, ukawaoza binti zake wawili,
na mjomba mmoja ukamlaza asiamke.

Sisi husubiri.
Julai tumba hukauka na kuwa njuga;
ukipita shambani na upepo upo
utadhani panya wanaozana.
Hapo ndipo tunavunja, kichwa kimoja kimoja, shingoni,
tunapasua juu ya shuka, tunatikisa.
Mbegu hubaki nyumbani. Tunazisaga kwa jiwe
hadi zitoe mafuta, tunazipaka mkateni.
Rüstem alitaka wake upakwe mara mbili,
masharubu yakawa meusi kama ya fundi magari.
Makapi tunayashindilia maguniani, tunaipelekea serikali.
Hulipa kwa kilo, na makapi hayana kilo:
gunia refu kuliko mwanangu, jepesi kuliko mbuzi wake.
Miaka thelathini na minane tulicheka njiani tukirudi:
serikali gani hii, inanunua maganda!

Kisha mfupa wa Rüstem ukaanza kusema.

Kwanza nyonga, usiku. Nikakanda kwa chumvi ya moto.
Dürdane akaleta majani ya kabichi,
shemeji akaleta pilipili iliyolowekwa kwenye siki.
Kila mtu na mmea wake, nami nikaupokea kila mmoja,
na mfupa haukuusikia hata mmoja.
Mume wangu, aliyemzika baba yake bila kutoa sauti,
aliuma kona ya mto mpaka pamba ikatoka.

Hospitali, ghorofa ya tatu.
Muuguzi mwembamba, Nazmiye, alikuja na kichupa
kisichozidi kidole changu cha mwisho.
Akakivunja shingo. Tk.
Nikashtuka. Mlio ule naujua.

Nini hicho, mwanangu?
Mofini, mama.
Inatoka wapi?
Akakigeuza, akasoma herufi za sisimizi.
Stoo, akasema.

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu:
vichwa vingapi, gunia la mwaka gani,
ule wa mvua ya mawe, au ule tuliogombana tukavuna kimya?
Rüstem akaiachia kona ya mto.
Paji lake likafunguka, kunyanzi moja baada ya jingine,
kama shuka ninapolikung'uta.
Akauliza kama punda amenyweshwa.
Punda tulimuuza miaka sita iliyopita.
Nikasema, amekunywa.

Sisemi ilimponya. Mfupa uliendelea na kazi yake,
dawa haikubishana nao,
iliufungia mlango tu, kwa saa nne,
baadaye tatu, baadaye mbili.
Mlango huohuo mjomba aliuingia asitoke.
Sijui la kufanya na jambo hili. Nimeliacha lilivyo.

Oktoba nilipanda peke yangu.
Afisa alipokuja na kamba nikamwambia, ongeza robo ekari.
Na Agosti, kwenye mizani, kijana akayarusha magunia
kama mtu arushaye makapi, akipiga mluzi.
Polepole, nikamwambia. Pima vizuri.
Kuna mtu mahali, simjui jina,
ameuma kona ya mto.