Mshiko

Ghala la Njoro halina tena magunia,
ila ukuta bado unanuka buni.
Humo ndimo tunamochezea vitara,
jioni, miguu ikipuliza vumbi la mavuno ya wengine.

Mwalimu Ndewirwa kamwaga sanduku mezani:
mipini saba, kila mmoja na tabia yake.
Huu mnyoofu, mwembamba kama mwiko,
hukupa urefu, hukunyima nguvu.
Huu wenye vifundo kama tangawizi
humeza vidole, kila kidole shimo lake.
Aliyeuchonga alimfikiria mtu
mwenye vidole vitano vinavyotii.

Changu cha mwisho hakikunjiki.
Mashine ya kumenyea kahawa ilikionja
nikiwa na miaka tisa.
Tangu siku hiyo kimesimama pembeni
kama mgeni aliyenyimwa kigoda.

"Chukua wowote," Aikaeli kasema,
akikaza mikanda ya kinyago chake cha waya.
"Mchagua jembe si mkulima."

Nami nikamwona mama, Mbuyuni, siku ya soko,
muuza mipini kakunja uso,
mama kaufumbia macho mpini wa kumi na moja,
kalima hewa mara tatu katikati ya njia,
watu wanamkwepa,
kisha karudisha.
"Huu utaniuma Alhamisi."
Si leo. Si kesho. Alhamisi.
Aliijua siku ya lengelenge kabla halijaota.
Na shamba lile la Kibosho, lenye mteremko wa kuvunja magoti,
nani alililima? Methali?

Basi nikachagua.
Wa vifundo ulinikaba kabla sijaukaba.
Wa tatu ulikuwa mzito nyuma, ukaniinua ncha juu.
Ule mnyoofu nikaubana, mkono ukafa ganzi hadi kiwikoni.
"Unaogopa utakukimbia," mwalimu kasema.
"Ushike kama mkono wa mwanao
mnapovuka pale kipilefti:
humvunji, humwachii."

Nikaenda nao nyumbani.
Msasa wa shilingi mia tano, taa ya sola,
usiku mzima wa unga wa mti mapajani.
Nikachimba kijishimo ubavuni, kidogo,
nikazungusha utepe wa tyubu ya baiskeli
iliyokuwa imekufa uani tangu mwaka juzi.
Kidole changu kikaja, kikagusa, kikakaa.

Jumatatu Aikaeli alinishinda, tano kwa nne.
Nisidanganye: mpini haukunipa miguu,
na yeye ana miguu ya mbuzi wa mlimani.
Lakini Alhamisi nilikunjua kiganja mbele ya dirisha,
nikakitazama pande zote.
Kikavu. Kizima.

Alikuwa nyuma yangu, anapuliza kidole gumba
kilichochubuka ngozi.
Hakutaja jembe wala mkulima.
"Ule msasa," kasema, "ulibaki?"