Mimi ni Mzima

Syokau,
karani ameandika kwamba mimi ni mzima.
Ndivyo anavyowaandikia wote, kwa senti kumi,
maana barua husomwa na afande kabla ya kufungwa.

Mzima.
Buti la kushoto limekunywa matope ya Nairobi
hadi ukucha umeng'oka.
Maharage yana fukusi; twala gizani,
heri tusijuane.
Kifungo kimoja kilipotea Langata,
mshahara ukakatwa shilingi mbili.
Vita hivi, nilivyoambiwa ni vyangu,
bado sijaonyeshwa mpaka wake na shamba langu.

Jana nililinda ghala.
Alfajiri ukungu ukapasuka upande wa mashariki,
nikaiona milima ya Mua, karibu,
kama mtu aliyeitwa akageuza shingo.
Huko mvua ilikuwa ikinyesha.
Mbaazi zangu bado zi kwenye kibuyu, sivyo?

Ni mwendo wa siku moja kwa miguu.
Nusu, nikivua buti.

Koplo akapita, akauliza natazama nini.
Nikakaza bunduki begani:
mashariki, afande,
adui asije akatokea huko.

Pandeni bila mimi.
Anzeni kule mtoni.