Gurudumu la Tatu

Wananiuliza, Nambuya, wewe fundi, tuambie,
mbona tukutuku hazikuota mizizi hapa Mbale?
Nafuta grisi mikononi kwa tambara la gomesi kuukuu,
kisha nawaonyesha ile ya Magombe, pale ukutani,
rangi yake ya njano inabanduka kama ganda la kiazi.

Tazameni barabara ya Namatala mvua ikishakatika.
Gari hulitanulia shimo miguu, likapita juu yake.
Boda hulikwepa kwa kiuno.
Huyu wa matatu akiliokoa la kushoto,
la mbele linatumbukia;
akiliokoa la mbele, la kulia linalia.

Magombe aliinunua kwa mkopo wa chama,
akaiandika mgongoni: MVUA HAINIHUSU.
Siku ya kwanza alivaa viatu vya harusi yake.
Alipofika penye mnara wa saa kutafuta abiria,
wa boda wakamwambia, wewe una paa, nenda kwa wenye teksi.
Wenye teksi wakamwambia, huo si usukani, hizo ni pembe,
nenda kwa wa boda.
Akauzunguka mnara mpaka mafuta yakaisha,
kama popo siku ndege na wanyama walipogawana ukoo.

Na abiria?
Abiria wa mji huu ana haraka hata kama haendi popote.
Anataka kupenya kati ya lori la saruji na mkokoteni wa ndizi,
goti lake lirudi na rangi za magari ya watu.
Anataka kushushwa mlangoni, na mlango wenyewe
uko nyuma ya migomba, nyuma ya choo cha jirani,
kwenye kinjia ambacho mbuzi wawili wakikutana
mmoja sharti arudi kinyumenyume.
Boda hufika.
Boda angefika hata chumbani
kama si kumwogopa mama mkwe.

Nilimwonya: mlima Wanale usiujaribu.
Akaujaribu, na magunia matano ya kabichi.
Kwenye kona ya pili pua ikainuka,
tairi la mbele likapiga mateke hewani
kama mtoto anayekataa kuogeshwa.
Kabichi ziliteremka zenyewe.
Zilimtangulia sokoni.

Wengine husema ni bei, nami sibishi:
hela ya hiyo moja ingenunua pikipiki mbili
na ikabaki ya nyama.
Klachi ikiungua, naagiza Kampala,
siku nne, tano, naye anakaa juu ya ndoo karakanani kwangu
akihesabu riba kwa vidole.

Lakini kulikuwa na Jumanne.
Kila Jumanne aliiamsha alfajiri, akaifuta umande,
akampeleka Mama Khainza hospitali,
yule wa nyonga iliyovunjika ikaungwa vibaya,
asiyeweza kupanda boda wala kuipanda ngazi ya teksi.
Aliketi nyuma na mkoba magotini,
akashusha pazia la plastiki, akalipandisha tena ili aonekane.
"Humu," alisema, "nakaa kama mtu."
Abiria mmoja, siku moja kwa wiki.
Magombe hakuwahi kumdai nauli ya kurudi.

Aprili alifariki.
Magombe alitaka kumpeleka yeye, mara ya mwisho.
Tulipima jeneza kwa kamba yangu ya kazi:
lilizidi kwa shubiri moja.
Likaenda kwa pikapu ya kukodi,
na tukutuku ikaja hapa ukutani, haijaondoka.

Hayo ndiyo huwa nawajibu.
Moja siwaambii.

Wiki iliyopita shule ilinipigia simu,
mwanangu ameanguka kutoka juu ya mpera.
Ufunguo wa Magombe ulikuwa mfukoni mwangu.
Tangi lilikuwa na lita mbili, breki nilizifunga mwenyewe,
kila nati ya chombo kile naijua kwa jina.
Nikaipita mbio,
nikasimama barabarani na mkono juu.

Wakaja watatu kwa mpigo,
kila mmoja na magurudumu yake mawili.