Ufunguo wa Paily

Baba yangu, Paily, aliuvaa shingoni miaka arobaini na mmoja,
ufunguo wa chuma, mrefu kama kiganja, wa meno matatu,
unaonuka mafuta ya nazi na jasho.
Halafu mahakama ya wilaya ikaleta kufuli jipya,
na lakiri nyekundu juu yake,
na polisi wawili wa kulilinda.

Tuliogombana ni sisi kwa sisi.
Upande mmoja ukasema: mamlaka ni ya askofu wetu.
Upande wa pili: ya wetu.
Kila mmoja na hati zake, muhuri juu ya muhuri,
kila mmoja akilitaja jina la Yesu
kama jina la shahidi asiyeitwa kortini.

Ndipo Eliswa akafa, mwezi Juni,
mgema wa mipira, mjane wa mlima wa juu,
ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema yuko upande gani.
Jeneza likafika langoni, na mvua ikafika nalo.
Tukalitua juu ya magogo mawili.
Saa moja. Saa mbili.
Nani amzike? Kwa kitabu cha nani?
Maji yalishuka mekundu kama kutu.
Wabebaji walikuwa pekupeku,
changarawe za mlimani zimewachana nyayo,
na mmoja wao, Kuriako, ndiye aliyemzaba baba kofi
siku ya Pasaka, mbele ya madhabahu, mbele yangu.

Nilidhani baba atasema neno.
Alipandisha shuka yake, akapiga magoti topeni,
akakinga karai la shaba penye mchirizi wa paa la lango,
akauvuta mguu wa Kuriako
kama mtu avutaye mguu wa mtoto mkaidi,
akauosha.
Acha, Paily, alisema Kuriako. Acha.
Baba hakuacha. Katikati ya vidole mlikuwa na damu.
Akaufuta kwa kilemba chake, akashika wa pili.

Wakanyamaza wote, hata wakili.
Nikalitazama lile kufuli, lakiri yake ikimeremeta,
na kwa mara ya kwanza nikajua Mwenye kanisa hakuwa ndani.
Alikuwa nje, amelowa, hana hati mkononi,
anatuamuru kwa kuinama.
Sijasikia tena amri nzito kama ile.

Uvumba ulikataa kuwaka.
Tulisoma zaburi moja, kila upande kwa matamshi yake,
hatukufika pamoja hata kwenye amina.

Usije ukadhani lango lilifunguka.
Kesi ipo mpaka leo, mawakili wamezeeka nayo.
Eliswa tulimzika shambani kwa Kuriako,
kati ya mipira aliyoigema mwenyewe,
na vikombe vya utomvu vikajaa mvua.

Ufunguo ninao mimi sasa, ndani ya kopo la pilipili manga.
Haufungui kitu.
Jumapili huutoa, nikaufuta kutu,
kisha nikatafuta karai.